Bahasha Iliyonidanganya

Ukitaja neno bahasha katika ofisi za Kampala, kuna mtu atatazama mlango kwanza. Yangu haikuwa na noti ndani. Ilikuwa ukanda wa kijivu kwenye skrini ya kompyuta, mstari mweusi ukipita katikati, nami niliuamini kiasi cha kupoteza miezi saba na fedha ambazo nyingine zilikuwa za mama yangu. Naandika kwa yeyote aliye na ramani ya nukta mkononi, ziwe miti, visima, vichuguu au wagonjwa, akaambiwa na msimamizi wake, "Pima kama modeli yako inaendana na data, tumia uigaji," yaani kuizalishia kompyuta data za kubuni na kuzilinganisha na zako. Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaenda kukosea hatua baada ya hatua.

Mimi ni mtoto wa Arua. Baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka kambini kabla hakijatoka shuleni. Nilipopata nafasi ya shahada ya uzamili nilichagua kitu nilichokijua tangu utoto, miti ya shea. Shea wetu wa kaskazini mwa Uganda ni ndugu wa ule wa Sudan Kusini na Ethiopia, na mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Kwa kawaida mti huu haupandwi. Hujiotea wenyewe, hukaa miaka 15 au zaidi ndipo uzae, na mkulima anaposafisha shamba huuacha umesimama huku miti mingine ikiangushwa. Wachoma mkaa nao wanaujua vizuri, kwa bahati mbaya.

Swali langu lilikuwa dogo: ukitazama miti hii kutoka juu, imetapakaa ovyo, imejikusanya makundi, au imepishana kana kwamba kuna mtu aliyeipanga? Nilichagua eneo la mita 500 kwa 400 upande wa Rhino Camp, ambako ardhi inateremka kuelekea Nile. Hekta 20. Vijana wawili wa kijiji walinisaidia kwa shilingi 20,000 kwa siku kila mmoja, na boda ya kwenda na kurudi ilikula karibu kiasi hichohicho. Tulihesabu miti 312.

Kosa la kwanza halikuwa hata la takwimu. Nilitumia programu ya simu kuchukua mahali pa kila mti, nayo ikaandika digrii kwa desimali nne. Hapa kwetu karibu na ikweta, sehemu moja ya elfu kumi ya digrii ni mita 11 hivi. Maana yake simu yangu ilikuwa inaikusanya miti kwenye vyumba vya mita 11 kwa 11 na kuipa yote anwani moja. Miti zaidi ya hamsini ilikuwa imelaliana na jirani yake. Programu ilinionya kwamba kuna nukta zilizojirudia. Nilidhani ni kelele tu, nikaifuta ile "ya ziada". Nilifuta miti! Miti iliyosimama, yenye vivuli, niliyoishika kwa mikono yangu.

Tena nilifanya hesabu za umbali kwa digrii badala ya mita. Huko Ulaya kosa hilo lingeonekana mara moja kwa sababu ramani ingetanuka upande mmoja. Sisi tulio karibu na ikweta digrii ya mashariki-magharibi na ya kaskazini-kusini zinakaribia kulingana, kwa hiyo ramani ilikaa vizuri, na kosa likajificha. Geuza kwanza kuwa mita (kwa Arua ni kanda ya 36 Kaskazini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita), na kama swali lako linahusu umbali wa mita tatu au nne, usitegemee simu wala GPS ya mkononi, ambayo yenyewe hukosea mita kadhaa. Nilirudi na dira, tepu ya mita 50 na vigingi 99, kila kigingi mita 50 kutoka mwenzake, tukapima kila mti kutoka kigingi cha karibu. Wiki tatu zaidi. Hapo ndipo fedha za mama zilipoingia.

Sasa nije kwenye bahasha.

Wazo lenyewe ni zuri, na nililielewa siku nilipomweleza mama jikoni. Nilimwambia: chukua kunde 312, zimwage juu ya mkeka bila kulenga. Pima jinsi zilivyokaribiana. Zizoe, zimwage tena. Fanya hivyo mara 99. Ukiongeza ramani yangu ya miti unapata mikeka 100. Ikiwa miti nayo ilimwagwa bila kulenga, basi mkeka wangu hauna upekee wowote. Unaweza kuangukia nafasi yoyote kati ya 100 kwa uwezekano sawa. Lakini ukiipanga yote kwa kiwango cha kukusanyika na wangu ukawa wa kwanza, uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu ni 1 kati ya 100. Mama akasema, "Basi si uchawi, ni kupanga foleni." Ndivyo. Mtakwimu Barnard alilitoa wazo hilo mwaka 1963, na linaitwa jaribio la Monte Carlo. Ona kwamba mkeka wako mwenyewe huhesabiwa kwenye foleni: thamani ya p, yaani ule uwezekano wa bahati tu, ni nafasi yako kugawa 100, si kugawa 99, na haiwezi kamwe kuwa sifuri. Nimeona tasnifu yenye p = 0. Hiyo haipo.

Kinachopimwa kwenye mkeka kwa kawaida ni kipimo cha K, alichokieleza Ripley miaka ya 1970: ukisimama kwenye mti wowote, ndani ya umbali fulani una majirani wangapi kwa wastani, ukilinganisha na msongamano wa eneo zima? Besag akakinyoosha kikawa L ili mchoro usomeke kwa urahisi. Miti ya pembeni majirani wake wengine wako nje ya mpaka, kwa hiyo kuna marekebisho ya kingo. Programu inayafanya, ila hakikisha tu mpaka ulioupa ni wa eneo ulilopima kweli.

Mimi nilitumia R, programu ya takwimu, na furushi lake la spatstat. Niliiagiza mikeka 39, ikanichorea ukanda, ndiyo bahasha yenyewe, kutoka thamani ndogo kuliko zote hadi kubwa kuliko zote katika kila umbali. Mstari wangu ulikaa ndani, ndani, ndani, kisha kati ya mita 22 na 24 ukachungulia nje. Nikapiga simu nyumbani. Nikaandika: "Miti ya shea hujikusanya kwa kiwango cha mita 22 hadi 24, p < 0.05." Nikaanza hata kutunga sababu. Nilisoma kwamba popo hula matunda ya shea na kuangusha mbegu mbali kidogo na mti, nikasema basi popo hao wanaruka mita 23. Nacheka sasa, lakini aya ile ilikuwa imeandikwa kwa ujasiri mkubwa.

Msimamizi wangu hakucheka. Aliuliza, "Umbali huo wa mita 23 uliuchagua lini?" Nikanyamaza, kwa sababu niliuchagua baada ya kuuona. Ukanda wa mikeka 39 unakupa uwezekano wa asilimia 5 wa kuzikataa kunde kimakosa, kwa umbali mmoja tu ambao umeutaja kabla ya kufungua data: nafasi 2 kati ya 40, juu kabisa au chini kabisa. Mimi nilikuwa nimetazama umbali zaidi ya mia tano mfululizo nikingoja mstari utoke popote. Ni kama askari wa usalama barabarani anayesimamisha kila gari hadi apate lenye taa iliyoungua, kisha anasema alikuwa analitafuta hilohilo.

Alinituma nikajionee. Nilizalisha ramani 100 za kunde tupu, zisizo na siri yoyote, kila moja nikaitengenezea bahasha yake ya 39, nikahesabu ngapi zinachungulia nje mahali popote. Zilikuwa nyingi mno kuliko zile tano nilizozitegemea. Zoezi hilo lilinichukua alasiri moja, na ndilo ningependa kila mwanafunzi alifanye kabla ya kugusa data yake. Hata kama hesabu za nadharia zinakushinda kama zinavyonishinda mimi, macho yataelewa.

Dawa yake haina ugumu. Amua kabla masafa utakayoyatazama. Mimi nilichukua sifuri hadi mita 100, robo ya upande mfupi. Kisha ukusanye kupotoka kote kwa mstari wako kutoka kwenye mstari unaotarajiwa, katika namba moja. Unaweza kuchukua kupotoka kukubwa kuliko kote, hapo mikeka 19 inatosha kwa asilimia 5 kwa sababu unapanga foleni ya 20, au unaweza kujumlisha mraba wa kupotoka katika masafa yote, jaribio linaloitwa kwa majina ya Diggle, Cressie, Loosmore na Ford. Loosmore na Ford ndio walioandika mwaka 2006 kuwaonya wanaikolojia juu ya kosa lilelile nililolifanya mimi, kwa hiyo sikuwa wa kwanza, jambo lililonifariji kidogo. Bahasha ibaki kama picha ya kukuonyesha wapi pa kuuliza. Hukumu itolewe na ile namba moja.

Na jambo dogo lililonitesa: andika namba ya mbegu ya unasibu, ile inayoanzisha bahati ya kompyuta ili ukirudia upate matokeo yaleyale, kabla ya kila uigaji. Umeme ulikatika Arua usiku mmoja, nikarudia kazi yote, na p ikawa 0.04 badala ya 0.06. Ni ile ipi ningeripoti? Ukijikuta unachagua kati ya hizo mbili, umeshapotea. Ongeza mikeka hadi 999 na mbegu uiandike.

Kwa jaribio sahihi na vipimo vya tepu, kunde zilikataliwa waziwazi. Miti haijatapakaa ovyo. Nilidhani nimemaliza.

Wakati huo nilikuwa najifunza kwa data nyingine pia, ya wazi, iliyomo katika furushi la splancs. Nilipofungua maelezo yake nilishtuka: wagonjwa 188 wa limfoma ya Burkitt katika Nile Magharibi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1975. Kwetu! Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alipoieleza saratani hiyo mwaka 1958, na wengi wanaougua ni watoto. Ulimwengu mzima unajifunzia takwimu kwa nukta zile bila kujua Arua iko wapi. Mimi nilizitazama nikitafuta milima ninayoijua. Nikazipitisha kwenye jaribio la kunde. Zilikataliwa papo hapo, na hapo ndipo nilipoona jinsi ushindi wangu ulivyokuwa wa bei rahisi. Bila shaka zimejikusanya! Watu wenyewe wamejikusanya. Watoto hawaugui katikati ya pori ambako hakuna nyumba. Kukataa kunde hakukuambii chochote kuhusu ugonjwa mpaka uwe umeweka idadi ya watu ndani ya hesabu, na ndiyo maana data ile hutumika zaidi kuuliza swali jingine: je, waliougua karibu kwa mahali waliougua pia karibu kwa wakati?

Miti yangu vilevile. Kulikuwa na bonde lenye maji upande wa mashariki ambamo shea haioti. Hilo peke yake lingetosha kuzikataa kunde. Nilihitaji modeli inayosema kitu.

Nilichagua modeli ya Thomas. Inafikiria wazazi wasioonekana waliotapakaa ovyo, kila mmoja akiwa na watoto waliomzunguka kwa umbali fulani wa wastani. Sisi tunawaona watoto tu. Nikaongeza kwamba msongamano unapungua kuelekea bondeni. Programu ikakadiria ukubwa wa makundi kwa kutafuta namba zinazoufanya mstari wa K wa modeli ukaribie iwezekanavyo mstari wa K wa miti yangu. Kisha nikafanya jaribio, kwa uangalifu wote niliojifunza: masafa niliyataja mapema, mikeka 999, mbegu imeandikwa, namba moja ya hukumu. Nikatumia K.

p = 0.87.

Niliipenda namba ile. Niliiandika kwa kalamu kwenye ukuta wa chumba changu. Nikafunga sura, nikaipeleka, nikaenda nyumbani kula enyasa kwa raha kwa wiki mbili.

Sura ilirudi na sentensi moja pembeni, kwa penseli: "Uliikadiria kwa kipimo gani, na ukaijaribu kwa kipimo gani?"

Ilinichukua siku mbili kuona kilichoulizwa, na leo nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote katika kazi hii. Nilikuwa nimempa fundi cherehani mwili wangu, akanipima, akashona gauni, kisha nikamwita jaji atazame kama gauni linanikaa. Linakosaje kunikaa? Halafu, kibaya zaidi, nililinganisha jinsi linavyonikaa mimi na jinsi linavyowakaa wanawake 999 waliochukuliwa barabarani, ambao hakuna aliyewapima. Miti yangu ilikuwa imesogezwa karibu na mstari wa modeli kwa makusudi. Ile mikeka 999 haikupewa nafasi hiyo. Foleni haikuwa ya haki. Mkeka wangu ulikuwa na upendeleo wa kukaa nyuma, mbali na kiti cha mshtakiwa. Kwa hiyo p hupanda juu, na jaribio linakuwa pole kupita kiasi: linaachia modeli mbovu ziende zake. Hata 0.87 yenyewe ilipaswa kunitilia shaka, kwa sababu modeli sahihi inayojaribiwa kwa haki haina sababu ya kutoa p kubwa kila mara. Hutoa namba yoyote kati ya sifuri na moja kwa nafasi sawa.

Kuna njia mbili za kutoka hapo, nami nilitumia zote.

Ya kwanza ni kumpa kila mkeka fundi wake. Unaiga mkeka kutoka kwenye modeli, unaikadiria modeli upya kwa mkeka huo kana kwamba ndio data, kisha kutoka kwenye modeli hiyo mpya unaiga mikeka mingine na kupata p yake. Mwishoni unauliza: p yangu iko wapi katika foleni ya p zao? Dao na Genton waliitoa njia hiyo mwaka 2014, na Baddeley na wenzake mwaka 2017 wakaipa sura nyingine ambayo ngazi zake mbili hazitegemeani. Zote mbili zimo katika spatstat. Bei yake ni muda, kwa sababu mikeka 99 ambayo kila mmoja unazaa mingine kama idadi hiyo inakaribia elfu kumi, na kila wa ngazi ya kwanza una makadirio yake. Kompyuta yangu ya mtumba ililia feni yake siku nzima na usiku, nami nikawa nalipia kukaa katika duka la intaneti lenye jenereta. Anza na 19 usiku mmoja kuona kama kazi inatembea, ndipo uende 99. Na hifadhi matokeo kila baada ya mikeka michache, sisemi zaidi.

p ilishuka kutoka 0.87 hadi 0.21. Modeli haikukataliwa, ila ile fahari ya ukutani niliifuta kwa kitambaa chenye maji.

Njia ya pili ni kubadili jaji. Ulipima gauni kwa kiuno, basi mwambie jaji atazame mabega. Kipimo cha G kinauliza kitu kingine kabisa: mti wa karibu kuliko wote uko mbali gani? K hukusanya majirani wote kwa pamoja, kwa hiyo mambo ya umbali mfupi humezwa na yale ya mbali. G anaishi hukohuko kwenye umbali mfupi. Nilipoijaribu modeli yangu kwa G, p ikawa 0.01. Kwenye bahasha, mstari wa miti yangu ulikuwa chini kabisa ya ukanda kabla ya mita tano. Modeli ilitarajia majirani wengi wa mita mbili, mita tatu. Miti yangu haikuwa nao.

Sikujua la kufanya na jambo hilo. Niliandika barua pepe, nikasoma, nikafikiria modeli ngumu zaidi. Mwishowe nilirudi kijijini kwa sababu nyingine kabisa, kurudisha nyundo niliyoazima ya kupigia vigingi, na mwenye nyundo ni bibi mmoja ambaye shamba lake linachukua kona ya kusini ya eneo langu. Tulikaa kivulini. Nikamwambia, kwa ajili ya mazungumzo tu, kwamba kompyuta inashangaa kwa nini miti yake haikaribiani.

"Si tunaikata," akasema.

Nikauliza tena, kwa adabu, nikidhani sijasikia. Akanieleza taratibu kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha moto. Shamba linapopumzishwa, shea huota mingi pamoja, palepale palipokuwa na mti mkubwa au boma la zamani. Ndiyo makundi yangu. Ndio wazazi wasioonekana wa modeli ya Thomas. Wanaporudi kulima, hawawezi kupitisha jembe kati ya miti miwili iliyobanana, na miti iliyobanana haizai vizuri. Huacha ule unaozaa, hukata mwenzake. "Sasa mwanangu, hukuona visiki?"

Nilikuwa nimeviona. Nilijikwaa kwenye kimoja siku ya pili ya kazi, kovu bado liko kwenye ugoko. Katika fomu yangu kulikuwa na safu ya kipenyo, safu ya urefu, safu ya afya ya mti. Safu ya visiki haikuwepo.

Tasnifu nimeiwasilisha ikiwa na modeli iliyokataliwa ndani yake, imeandikwa wazi kwamba imekataliwa, kwa kipimo gani na kwenye umbali gani. Watahini waliitumia sura hiyo kuniuliza maswali mengi kuliko zote, lakini ya haki. Bibi aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza na majani hayajafunika ardhi. Tepu ninayo. Vigingi bado vimesimama, isipokuwa sita ambavyo mtu amefanya kuni.